Jenerali Aliyepiga Hodi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kitale na Bungoma)



Tumepewa nafasi tuseme habari za mtu mmoja aliyestaafu, naye si mtu wa reli. Ni Luteni Jenerali David Leakey wa jeshi la Uingereza. Tangu Februari 2011 hata mwisho wa 2017 alikuwa mtumishi wa Bunge la London, upande wa Baraza la Malodi, kwa cheo kiitwacho Black Rod, yaani Fimbo Nyeusi.

Twajua wapo wanaonong'ona: Jenerali wa Kizungu atuhusu nini sisi watu wa sururu na spana? Jina lake si geni hapa. Baba yake, Meja Jenerali Rea Leakey, alizaliwa Kenya. Na Sajini Nigel Leakey wa K.A.R., wa ukoo huo huo, aliuawa vitani Ethiopia Mei 1941, akapewa nishani ya Victoria Cross. Babu zetu wengi wa huku walikuwa katika K.A.R. hiyo hiyo, ila majina yao hatuyaoni vitabuni.

Lakini tunamtaja kwa sababu ya kazi yake. Mtu huyu mwaka 2005 alikuwa mkuu wa majeshi ya Umoja wa Ulaya kule Bosnia, maelfu ya askari chini ya amri yake. Alipoingia kazi ya Bunge akawa mtu wa kuangalia milango, mabawabu, ulinzi, na utaratibu wa siku kubwa. Wenye kusema katika Bunge ni wengine. Yeye kazi yake ni kuona kwamba wanaweza kusema.

Sasa sikieni jambo lililotufanya tusimame leo. Bunge lile linapofunguliwa rasmi, mfalme au malkia humtuma Fimbo Nyeusi akawaite wabunge waliochaguliwa na watu. Akikaribia, mlango hufungwa mbele ya uso wake, kwa kishindo. Naye husimama, akagonga mara tatu kwa fimbo yake, akangoja afunguliwe. Mambo haya ni ukumbusho wa Januari 1642, Mfalme Charles wa Kwanza alipoingia Bungeni na watu wenye silaha ili awakamate wabunge watano. Tangu siku hizo hakuna mfalme aliyekanyaga baraza lile.

Basi Jenerali Leakey, pamoja na nyota zake zote, alifungiwa mlango mwaka baada ya mwaka, naye akapiga hodi. Sisi wa reli tunalielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Dereva hata awe na injini kubwa namna gani, nyuma yake mabehewa arobaini, ishara ikiwa imemkataza atasimama. Haulizi aliyeivuta ni nani, wala mshahara wake ni shilingi ngapi.

Ndugu zetu wa Bungoma, reli yetu inakwenda Malaba, na ng'ambo ya pale ni Uganda. Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya kule, Bunge likavunjwa, nchi ikatawaliwa kwa amri za askari. Na tarehe 27 Septemba 2017, mwaka ule ule Jenerali huyu aliostaafu, watu wa usalama waliingia ndani ya Bunge la Kampala wakawaburuta nje wabunge waliokuwa wakipinga kuondolewa kwa kikomo cha umri wa Rais. Hawakupiga hodi. Sheria za kazi, za likizo, za fidia ya aliyekatwa kidole katika karakana, zote hupita katika nyumba ya namna hiyo. Mwenye bunduki akiingia apendavyo, chama chetu kitapeleka malalamiko yake wapi?

Hatusemi kwamba kila kitu cha London ni chema. Malodi hawachaguliwi na watu, na hilo hatulisifu hata kidogo. Tunamsifu mtumishi, hatulisifu baraza.

Tena kuna jambo linalotukera. Bungoma imetoa Spika wawili, Bwana Kenneth Lusaka katika Seneti mwaka 2017 na Bwana Moses Wetang'ula katika Bunge la Taifa mwaka 2022, nasi tulishangilia. Ni nani kati yetu awezaye kumtaja bawabu mmoja wa nyumba zile mbili? Jenerali akistaafu husomewa hotuba. Bawabu, kama gadi wetu wa treni ya mizigo, hupewa mkono na kuambiwa arudishe sare. Wazee walioketi mbele hapa wanajua walingoja malipo yao muda gani.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kila mwanachama anayestaafu, awe karani au mfagiaji wa stesheni, asomewe kazi yake mbele ya wenzake, miaka na mahali alipotumika. Na halmashauri ifuatilie malipo yake kabla hajatoa mguu kazini, si baada.

Bwana Mwenyekiti, wenzetu wa Kitale wamekuja na majina ya wanaotoka mwaka huu. Tunawaachia nafasi wayasome.