Kabla Soko Halijafunguliwa: Adabu za Mazungumzo ya Hisa



Ndugu zangu vijana, wazee wetu na mama zetu, shukrani zote ni za Allah (s.w.) aliyetufikisha Ramadhani nyengine. Mada niliyopewa ni mazungumzo ya asubuhi ambayo wazoefu wa hisa huyafanya kwa simu na intaneti kabla soko halijafunguliwa. Hapa kwetu Magogoni wapo vijana ambao wakishakula daku na kuswali Alfajiri hawarudi kulala, wako kwenye simu wanasikiliza mabingwa. Je, kikao hicho chafaa au hakifai?

Kwanza tulijue soko lenyewe. Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954, huanza kupokea oda saa tatu asubuhi, lakini kuuziana huanza saa tatu na nusu. Katika nusu saa hiyo oda za wanunuzi na wauzaji hukusanywa, na humo ndimo inamotoka bei ya kufungulia. Kwa hivyo neno lililosemwa saa mbili laweza kuingia ndani ya bei ya saa tatu na nusu. Hapo ndipo penye uzito.

Kushauriana si kosa. Mzoefu akikusomea hesabu ambazo kampuni imeshazitangaza, akakuonyesha deni lake na faida yake, hiyo ni elimu. Na kampuni ya pombe, ya sigara au benki ya riba, Muislamu hahitaji mjadala.

Lakini dini yetu ilishalitizama jambo la "kabla ya soko". Mtume (s.a.w.) alikataza watu kwenda kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu mwenye mali atoka mbali, hajui bei ya mjini, na wewe waijua. Ukinunua kwake njiani, faida yako ni kutojua kwake. Na akifika sokoni akaona amepunjwa, amepewa khiyari ya kuuvunja uuzaji ule.

Sasa ndugu msomaji, msafara wa leo ni nani? Huenda ni mama yako. Mwaka 2008 Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni, na mwaka haukwisha ila bei ilishashuka chini ya ile 5. Waliouza kwa hofu walipata hasara. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40. Sisemi kwamba kila anayesubiri hufaidika, la. Nasema mwenye akiba ndogo, ya ada ya mtoto au ya Hija, ndiye anayetikiswa na uvumi. Akiambiwa "uza leo, kesho yaanguka", atauza. Na anayenunua huenda ni yule yule aliyeueneza uvumi.

Na huyu mama hana khiyari ya msafara. Oda yake ikishakutana na ya mnunuzi, basi, biashara imekwisha. Hawezi kurudi saa nne akasema nimepunjwa. Kwa kuwa mlango wa kurudi umefungwa, ulimi wa asubuhi ndio wa kuchungwa.

La pili ni najash: kupandisha bei ya kitu usichotaka kukinunua, ili mwenzako aingie mtegoni. Mtu asifuye hisa asubuhi ili apate wa kumuuzia mchana, yuko humo humo.

La tatu ni siri. Mwezi wa Oktoba 2018 kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilitangaza kutaka kuinunua KenolKobil kwa shilingi 23 kila hisa. Kabla ya tangazo kulikuwa na ununuzi mkubwa uliotiliwa shaka, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikazuia akaunti na kufanya uchunguzi. Aliyewauzia hao alikuwa kama mwenye msafara: alitoa mali yake bila kujua bei inayomngojea mbele.

Basi vijana, tushike haya manne. Kabla hujaisifu hisa, sema kama unayo. Usitaje habari ambayo haijatangazwa kwa watu wote. Usiseme "nimesikia" bila kusema umesikia kwa nani. Na yule asiyejua, mfunze au mnyamazie, usimwinde.

Twafunga tumbo kutwa nzima, na halali tunaiacha mpaka Magharibi. Itakuwaje tufungulie kwa tende iliyonunuliwa kwa pesa ya kumhadaa jirani?

Allah atutakasie chumo letu na atutakabalie saumu zetu. Amin.