Kabati la Fundi au la Dukani?

Mada kwa semina ya wenye nyumba na mafundi seremala, Nyegezi, Mwanza



Mwenye nyumba akishapaua, akapiga plasta na kuweka vigae, fedha huwa zimebaki kidogo na hamu ya kuhamia imeshakuwa kubwa. Hapo ndipo suala la makabati humkuta. Ampe fundi wa mtaani aunde, au aende mjini akachukue yaliyo tayari? Jibu langu nalitoa mapema. Kabati la kufungwa ukutani, hasa la jikoni, apewe fundi. Kabati la kusimama lenyewe, ambalo ukihama unahama nalo, si vibaya kulinunua dukani. Mpangaji wa chumba kule Malimbe, karibu na chuo kikuu cha SAUT, hana sababu ya kuunda kabati la kufuata kona za nyumba ya mtu.

Wengi wetu tunadhani la fundi ni mbao na la dukani ni MDF. Mambo yamebadilika. Fundi wa leo hununua bodi ya futi 4 kwa 8, akakatiwa kwa mashine na kubandikiwa mkanda pembeni, kisha akaunganisha mwenyewe. Na dukani unaweza kukuta kabati la mbao tupu. Kwa hiyo ukiniuliza lipi ni bora, nami nitakuuliza: litakaa wapi, nani alipima, na likiharibika nani atakuja?

Tuanze na kupima. Makabati ya chini ya jikoni ya kiwandani kwa kawaida yana kina cha sentimita 60, na kimo kati ya 85 na 90. Vipimo vya namna hii vina historia. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa nyumba za gharama nafuu mjini Frankfurt, Ujerumani. Alipima muda wa kila kazi ya mpishi, akahesabu hatua zake, akaweka kila kitu mahali mkono unapofika. Droo za unga alizitaka za mbao ya mwaloni, kwa sababu wadudu wa unga hawaipendi. Kazi ile naiheshimu sana, na heshima yenyewe ndiyo inayonifanya niseme hivi: alimpima mpishi wa Frankfurt. Jiko la Nyegezi lina sufuria kubwa za shughuli, lina mfuko wa unga wa kilo 25, lina mtungi wa gesi, na mara nyingi lina jiko la mkaa linaloingizwa na kutolewa. Nani amelipima?

Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Toa vyombo vyote, vipange sakafuni, pima sufuria kubwa kuliko zote na mfuniko wake juu. Hicho ndicho kimo cha rafu ya chini. Pima mtungi pamoja na regulata yake. Mtungi ukiamua kuuweka ndani ya kabati, mwambie fundi aache matundu chini kabisa ya mlango, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini. Matundu ya juu peke yake hayatakusaidia.

Kisha njoo kwenye kuta. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na miteremko, na nyumba nyingi tunazijenga kidogo kidogo, mwaka huu tofali, mwakani lenta, mara nyingine kwa mafundi tofauti. Matokeo yake kona haiwi mraba. Kabla hujalipa senti, pima sentimita 60 kwenye ukuta mmoja kuanzia kona, weka alama. Pima 80 kwenye ukuta wa pili, weka alama. Kisha pima toka alama hadi alama. Ikitoka 100 kamili, kona yako ni mraba na kabati la dukani litakaa. Ikitoka 98 au 102, kabati hilo litaacha mwanya nyuma, na mwanya huo ni nyumba ya mende. Fundi anaweza kuufuata ukuta ulivyo.

Halafu kuna maji. Bodi ya kawaida ya MDF ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikinywa maji huvimba, na ikikauka hairudi ilivyokuwa. Tazama chini ya sinki la jiko lolote lenye kabati la namna hiyo ambalo bomba lake limewahi kuvuja: ukingo wa chini umenenepa, mkanda umebanduka, skrubu ya bawaba inazunguka tu bila kushika. Hapo dawa ni kubadilisha ubao. Zipo bodi zinazostahimili unyevu, nyingi zina rangi ya kijani katikati, lakini hata hizo hazitaki kusimama kwenye maji. Kwa chini ya sinki mimi napendekeza njia ambayo waashi wetu wanaifahamu vizuri: jenga kuta fupi za tofali, mwaga zege juu, weka vigae, na umwachie seremala milango na rafu. Ukidekisha, ukimwaga ndoo, hakuna kitakachovimba.

Kwa upande wa bei, msilinganishe kwa mazoea. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka samani kutoka nje ya Jumuiya katika kundi la ushuru wa forodha wa asilimia 35, kwa hiyo la dukani lililotoka nje si lazima liwe nafuu. Ombeni bei pande zote mbili kwa vipimo vilevile, pamoja na usafiri na kufunga.

Sasa nawageukia mafundi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopoteza wateja. Mteja haendi dukani kwa kupenda bodi. Anakimbia mlango uliopinda. Mbao za paina tunazozipata toka Buhindi, Rubya kule Ukerewe, au Sao Hill, mara nyingi hutufikia bado mbichi. Ubao hupungua kwa upana, kwa urefu karibu hausogei. Ubao wa sentimita 30 ukiundiwa mlango kabla haujakauka unaweza kupungua milimita 5 na zaidi ukiwa tayari nyumbani kwa mtu. Ukiwa umeupigilia misumari pande zote, utapasuka, hauna njia nyingine. Ndiyo maana paneli huachwa huru ndani ya mfereji wa fremu, bila gundi, ili ipumue vuli na kiangazi.

Kujua kama ubao umekauka hakuhitaji kifaa cha gharama. Kata kipande toka katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwenye mizani ndogo ya kidijitali, andika uzito juu yake kwa penseli, kiweke kivulini ndani. Baada ya wiki kipime tena. Uzito ukiendelea kushuka, mbao hiyo irudi kwenye rundo, ipangwe kwa vijiti katikati upepo upite, na mteja aambiwe ukweli kwamba kazi itachelewa. Kwa mninga na mkongo ongezeni jambo moja: ombeni hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mbao isiyo na karatasi inaweza kukamatwa ikiwa kwako, na hasara ikawa yako.

Wenye nyumba nao wana lawama yao. Mnabadilisha mchoro kazi ikiwa nusu, na mnalipa kidogokidogo hadi fundi anachukua advansi ya mteja mwingine kununulia mbao zenu. Andikianeni hata ukurasa mmoja: vipimo, aina ya mbao, siku ya kufunga, na malipo kwa awamu tatu. Ya kwanza itoshe vifaa na isizidi hapo. Ya pili kabati likishafungwa. Ya tatu, ndogo, ibaki hadi mvua za msimu mmoja zipite, fundi arudi na bisibisi yake, akaze bawaba na kuranda kingo za milango inayogusana, ndipo amaliziwe fedha yake siku hiyohiyo.