Maziwa Yasiposhuka Baada ya Kujifungua

Leo naomba kina baba na kina nyanya nao wasogee karibu na redio.

Mama amejifungua, mtoto mzima, ila damu ilimtoka nyingi. Siku ya nne, ya tano, ya kumi, matiti bado laini, maziwa hayashuki. Jirani atasema ni kijicho. Mwingine atasema mama hataki kunyonyesha. Ndugu zangu, mfugaji akiona ngamia aliyezaa hana maziwa, hamgombezi. Huuliza kimempata nini. Na huyu mama tumuulizie vivyo hivyo.

Mara nyingi sababu ni ndogo: mtoto hajashika titi vizuri, au hanyonyeshwi mara kwa mara. Lakini damu ikiwa ilimwagika sana, fikiria zaidi. Chini ya ubongo kuna tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Ndiyo inayotoa homoni ya kutengeneza maziwa. Wakati wa mimba hukua na kuhitaji damu zaidi. Mama akivuja damu mpaka presha ishuke, tezi hiyo inaweza kufa, yote au sehemu yake. Ugonjwa huu unaitwa sindromu ya Sheehan, kwa jina la Harold Sheehan, daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1937.

Dalili nyingine zaweza kuchukua miaka: matiti kusinyaa, hedhi kutorudi, nywele za kwapani kupukutika, uchovu, kizunguzungu, kuhisi baridi hata jua likiwaka.

Yapo pia ya kinyume: mtoto ameachishwa zamani, lakini maziwa yanaendelea kutoka na hedhi haionekani. Hilo nalo lipimwe, hasa kukiwa na maumivu ya kichwa au macho kufifia.

Sindromu ya Sheehan hugunduliwa kwa vipimo vya damu na hutibiwa kwa vidonge vya kurudishia homoni, kwa kawaida maisha yote. Usiviache ghafla, ni hatari. Ramadhani ikikaribia, shauriana na daktari kwanza kabla ya kufunga.

Dada yangu, ukifika kituo cha afya, hata kama mtoto sasa anachunga mbuzi, anza na neno hili: "Nilipojifungua, damu ilinitoka nyingi." Neno hilo laweza kuokoa maisha yako.