Haki ya Ndugu Aliyemo Katika Huzuni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuleta mtihani na Mwenye kuleta faraja. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, wagonjwa mlio vitandani na mama zetu mlio edani: ninakuusieni, na ninaiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tutazungumza juu ya huzuni, ile isiyopita kwa siku moja wala mbili. Yuko mtu ambaye usingizi umemhama, chakula kimekuwa kichungu kinywani mwake, na akiulizwa hali hujibu "Alhamdulillahi" ilhali moyo wake umejaa giza. Huenda mtu huyo alikuwa akisimama nasi bega kwa bega katika safu. Leo hayupo, na pengine hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yuko wapi.

Kisha anapotajwa, baadhi yetu husema kuwa imani yake imepungua. Ndugu zangu, tuzichunge ndimi zetu. Nabii Yaakub (a.s.) alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na Qur'ani Tukufu yatueleza kuwa alimsikitikia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe. Nani atathubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa haba? Naye katika huzuni hiyo hiyo aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mola wao. Machozi na matumaini yalikaa pamoja katika moyo mmoja.

Na tumtazame Mtume wetu (s.a.w.). Siku wahyi ulipomshukia kwa mara ya kwanza alirejea nyumbani akitetemeka. Mkewe, Bibi Khadija, alifanya mambo manne. Alimfunika nguo, mwili upate utulivu. Alimsikiliza. Alimkumbusha mema yake: kuunga udugu, kuwabebea wanyonge mizigo yao, kumkirimu mgeni. Kisha akamchukua kwa mwenye ujuzi, Waraka bin Naufal. Hakumlaumu, wala hakumwambia kuwa mwanamume hatetemeki.

Katika mwaka wa kumi wa utume, yapata mwaka 619, Bibi huyo alifariki, baada ya kuishi naye miaka ipatayo 25. Akafariki pia Abu Talib, ami yake na ngao yake. Mwaka huo umeitwa Mwaka wa Huzuni. Mtume akaenda Taif kutafuta msaada. Wakubwa wa mji wakamkataa, wakawachochea watoto na watumwa wao wamrushie mawe mpaka miguu yake ikatoka damu. Zaid bin Haritha alimkinga kwa mwili wake, naye akajeruhiwa kichwa. Wakakimbilia shamba la mizabibu. Wenye shamba, Utba na Shaiba, walikuwa wapinzani wake; lakini walipoiona hali yake walimhurumia, wakamtuma mtumwa wao Addas, Mnasara wa Ninawi, ampelekee kishada cha zabibu. Wakazungumza habari za Nabii Yunus (a.s.), aliyetumwa kwa watu wa mji huo wa Ninawi, na Addas akainama akambusu kichwa na mikono. Mji mzima ulimpa mawe. Mtumwa mmoja, mgeni, akampa zabibu na heshima. Na miaka mitatu hivi baadaye, mwaka 622, Madina ilimpokea kwa furaha.

Ndugu zangu, sisi twajua sana kuzika. Akifa mtu, watu hujaa, majamvi hutandikwa, na chakula hupikwa. Ikishasomwa khitma ya siku ya tatu, majamvi hukunjwa na masufuria hurudishwa kwa wenyewe. Siku ya nne mjane huamka katika nyumba tupu. Hapo ndipo huzuni huanza kazi yake, na hapo ndipo sisi tumekwisha kuondoka. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeachishwa kazi, na kwa mwenye kumuuguza mtoto mwaka baada ya mwaka.

Basi nenda siku ya nne. Nenda na ya arubaini, na baada ya miezi sita. Usiende na hotuba. Nenda na kibaba cha unga, ukae kitako, usikilize. Mkumbushe mema yake, maana mwenye huzuni huyasahau. Na siri atakayokupa, izike moyoni mwako.

Huzuni ikizidi kudumu, ikamzuia mtu kula, kulala na kufanya kazi, huenda ni maradhi ambayo matabibu huyaita sonona. Yana tiba ya mazungumzo, na yana dawa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, dua na tiba hazigombani. Na mtu akikwambia kuwa amechoka kuishi, usimkemee, wala usidhani anatania. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku ile ile.

Nawe ndugu unayenisikiliza ukiwa katika giza hilo: hukutupwa. Wahyi ulipokatika kwa muda, maadui walisema kuwa Mola wa Muhammad amemwacha. Ikateremka Suratud-Dhuha, Mola akaapa kwa mwangaza wa asubuhi kuwa hakumwacha wala hakumchukia. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umweleze kweli yako leo, kabla jua halijachwa. Huenda yeye ndiye Addas wako, na zabibu ameshika mkononi, ila hajajua mlango wa kubisha.

Ewe Mola wetu, waondolee dhiki wenye dhiki, uwaponye wagonjwa wetu, uwaliwaze waliofiwa, na utujaalie tuwe sababu ya faraja kwa waja wako. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.