PAA LA NYUMBA NA AFYA YA MTOTO
(Mazungumzo na wamama wa kliniki)



Leo hatutasema juu ya uji wala sindano. Tazameni juu. Ni kitu gani kinachofunika mtoto wako usiku?

Tangu kasiterite ilipoonekana Bisie, mwaka 2002, watu walipanda kule kwa miguu, wakipita porini na mizigo kichwani. Kwa hiyo walijenga kwa vitu vyepesi: shitingi na manjanja. Kwenye machimbo kuna pia nyumba zinazoletwa kwa vipande na kufungwa kwa bulo.

Wazee wetu walifunika nyumba kwa majani. Majani yanavuja, ndiyo, lakini joto la jua halipiti upesi. Manjanja hayavuji, lakini mchana yanapika nyumba kama sufuria, na usiku yanapoa mbio. Hapo pumzi zetu na mvuke wa chungu vinagusa chuma baridi, vinageuka matone, na matone yanaanguka kitandani. Si mvua hiyo. Ni pumzi yenu wenyewe.

Mama mmoja alileta mtoto wa miezi 4, mwili moto sana. Akasema, "Mama, nilidhani ni joto la manjanja tu." Alikuwa amengoja siku mbili. Tulipima damu: malaria. Mtoto alipona, lakini alikuwa amebaki na damu kidogo sana.

Basi, nyumba ikiwa na joto, peleka mtoto kivulini, mfungue nguo nzito, mnyonyeshe. Lakini mwili wake ukichoma, usisingizie paa! Mlete apimwe siku ileile. Akikataa kunyonya, akipumua mbio, ao akishikwa na degedege, mlete saa ileile, hata usiku.

Nyumbani tufanye nini?

1. Funga dari ya mikeka ao mianzi chini ya manjanja, na uache nafasi ya hewa katikati. Baba akiuliza franka ziko wapi, mjibu: mkeka tunasuka wenyewe. Anza juu ya kitanda cha mtoto.

2. Acha nafasi wazi chini ya paa, pande mbili, hewa ya moto na moshi vitoke. Mbu wataingia, kwa hiyo mtoto alale ndani ya chandarua.

3. Kitanda kisiwe pale matone yanapoanguka. Asubuhi anika blanketi.

4. Usiwashe moto chini ya shitingi. Inawaka upesi, na ikiyeyuka inadondokea ngozi ya mtoto. Nyumba ya vipande yenye povu ndani ya kuta, ikiungua, moshi wake ni sumu.

5. Usilale na babula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala yanatoa sumu isiyo na harufu, inayoua watu katika usingizi.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliagiza Waisraeli wazungushe ukingo juu ya paa, mtu asianguke na kufa. Basi, paa si kazi ya seremala peke yake. Ni kazi ya upendo.

Maulizo: Nani ameona matone kitandani wiki hii? Utaanza na nini leo jioni?