Mafunzo ya wahudumu wa zahanati: maneno ya Katibu wa Tawi

*KWA WANACHAMA WOTE*

_Haya ni maneno ya Katibu kwenye mkutano wa tawi. Tunawatumia ninyi mliokuwa shambani na mliokwenda Masasi._



Ajenda ya leo ilikuwa kadi na ada. Naomba zisubiri kidogo. Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa hapa kwetu alijifungua salama, kisha akatokwa damu mpaka akazimia. Mkunga alikuwa mjini kwenye semina. Zamu alibaki kijana mmoja. Sindano ya oksitosini, ile ya kuzuia damu, ilikuwemo kwenye jokofu, lakini kijana hakuwahi kuonyeshwa ichomwe wakati gani. Mama yuko hai kwa sababu gari lilipatikana. Lisingepatikana, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Kijana simlaumu. Nimeongea naye, anaumia kuliko sisi.

Najua mtasema tudai watumishi zaidi. Tudai, ni haki yetu. Lakini hata hao wachache tulionao, mafunzo yao yanakwendaje? Anaitwa mmoja, anakwenda siku tano, anarudi na begi na cheti, anakaa kimya. Wenzake wanabaki walivyokuwa. (Posho siipingi, jamani. Nauli ya huku uwandani mnaijua.)

Sasa sikilizeni jambo lililotokea jirani. Kati ya 2011 na 2014, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao waliendesha mpango ulioitwa EQUIP katika wilaya ya Tandahimba. Newala nayo ilikuwemo, ila kama wilaya ya kulinganishia. Yaani sisi tulihesabiwa tu! Kule Tandahimba wahudumu walikaa pamoja kituoni kwao, wakaletewa takwimu za wilaya yao, wakachagua tatizo moja, wakajaribu njia ya kulitatua, kisha wakahesabu tena kuona kama imesaidia. Vijijini nako wanakijiji wa kujitolea walifanya vivyo hivyo upande wao: maandalizi ya uzazi, kuwahi kituoni.

Matokeo yake, ukilinganisha na Newala, waliochomwa sindano hiyo ndani ya dakika moja baada ya kujifungua waliongezeka kwa akina mama 26 katika kila 100. Si kila kitu kilibadilika, tusidanganyane. Lakini dakika ile ndiyo iliyomkosa mama yetu.

Mtauliza, sisi wa tawi tunahusikaje na sindano? Zahanati ina Kamati ya Usimamizi, na wajumbe wake ni wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati inakaa kwenye mpango na bajeti. Wajumbe wetu wawili wamo humo. Nimewauliza mara ya mwisho walikaa lini. Mmoja alicheka.

Ninachotaka wakaombe ni hiki. Anayerudi semina awafundishe wenzake wote kabla wiki haijaisha, hata mhudumu anayefagia, maana usiku mkunga anaweza kuwa naye peke yake. Na kila mwezi mganga mfawidhi aisomee kamati hesabu kutoka vitabu vya MTUHA: waliojifungua wangapi, waliochomwa sindano wangapi, waliopewa rufaa wangapi. Hesabu tu. Majina ya wagonjwa si yetu, na nikisikia mtu ameyatoa nje nitamleta mbele ya tawi.

Tusiende pale kwa ubabe wa Chama. Wake wa wapinzani nao wanazaa kitanda kile kile.

Mkutano mkuu wa kijiji ujao nitasimama kuuliza kama hesabu ya kwanza imesomwa. Yule mjumbe aliyecheka ameomba apumzike. Anayetaka nafasi hiyo, hasa akina mama, anitumie jina kabla ya Ijumaa ili tulipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji.

Sasa turudi kwenye ada.

*Katibu wa Tawi*