Dira ya Ndege Ikae Mbali na Chuma

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa Eldoret



Leo napenda kusema nanyi juu ya chombo kidogo ambacho maisha ya watu hukitegemea, nacho ni dira ya ndege. Watu wa pwani waijua dira tangu zamani. Nahodha mwenye busara hakukubali nanga wala panga viwekwe karibu na dira yake, maana chuma huvuta sindano, na sindano ikivutwa jahazi hupotea njia. Fundi wa ndege ana shughuli ile ile, ila yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa ndege imejaa chuma na umeme.

Tufikiri juu ya rubani aondokaye hapa Eldoret kwenda Lodwar, safari ya kilomita zipatazo 300. Kaskazini yetu iko milima ya Cherangani, ambayo vilele vyake vyapita mita 3,300. Dira ikikosea kwa digrii 5 tu, naye akaifuata mpaka mwisho, atafika mbali na Lodwar kwa kilomita zipatazo 26. Mawingu yakiwa yamefunika milima, kosa hilo laweza kuwa mauti.

Pengine mtu atauliza, “Je, siku hizi hakuna vyombo vya setilaiti?” Viko, na vyasaidia sana. Lakini hivyo huonyesha ndege iko wapi na yapita njia gani. Pua ya ndege yaelekea wapi, hasa upepo unapoisukuma ubavuni, hiyo ni kazi ya dira.

Katika ndege ndogo nyingi dira hukaa mbele ya macho ya rubani, karibu na injini, redio na nyaya za taa. Kwa sababu hiyo wahandisi walitenga sehemu inayohisi sumaku ya dunia na sehemu inayosomwa. Kihisi ni kisanduku kidogo. Hufungwa mbali, kikapeleka habari kwa waya mpaka mbele ya rubani. Basi, huko mbali ni wapi?

Mara nyingi ni ndani ya bawa kuelekea ncha yake, au nyuma karibu na mkia. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Na sumaku ya mbali haiipotoshi dira. Sumaku ndogo ikiwekwa mbali mara mbili ya kwanza, nguvu yake hubaki sehemu moja katika nane.

Lakini umbali peke yake hautoshi. Chuma kisichosogea huleta kosa lisilobadilika, nalo laweza kupimwa na kusahihishwa. Adui mkubwa ni chuma kinachosogea, kama nyaya za usukani zipitazo ndani ya bawa, na umeme unaowashwa na kuzimwa, kama ule wa taa za ncha ya bawa. Kosa lake huja na kuondoka, wala hakuna hesabu ya kulisahihisha. Waya wa kupeleka umeme na ule wa kuurudisha yafaa visokotwe pamoja, ili sumaku ya mmoja iiondoe ya mwenzake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoboa tundu hata moja, fundi achukue dira ndogo ya mkononi, aiweke pale alipopachagua. Mwenzake azungushe usukani, kisha awashe taa na redio, kimoja kimoja. Sindano ikitikisika, mahali hapo hapafai. Akiisha kupata mahali pema, akifunge kihisi kwa skrubu za shaba au alumini, juu ya sehemu imara isiyopindika, kikiwa sawa na mstari wa ndege kutoka pua hata mkia.

Mwisho, ndege izungushwe uwanjani, injini ikinguruma, na dira ipimwe kila digrii 30, yaani mara 12. Kazi hiyo isifanywe karibu na banda la mabati, uzio wa chuma, wala zege yenye nondo. Makosa yanayobaki yaandikwe katika kadi mbele ya rubani. Kazi yote iwe mikononi mwa fundi mwenye leseni, afuataye maagizo ya watengenezaji.

Sisi tunaokaa karibu na Ikweta tuna bahati. Huku nguvu ya sumaku ya dunia hulala karibu sawa na ardhi, lakini huko Uingereza huinama sana kuelekea chini. Kwa hiyo dira zetu huvutwa kwa nguvu zaidi upande wa kaskazini. Dunia imekwisha kutusaidia. Limebaki jambo moja, nalo ni uangalifu wa fundi, kwa maana abiria aketiye nyuma hana njia ya kujua kama dira yasema kweli.